Pweza Aliyeletwa Rumonge

Baba mdogo, mume wa mdogo wake mama yangu, alikufa majini mchana kweupe, karibu kabisa na ufuko wetu wa Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika. Wavu wa mtumbwi wao ulinasa kwenye mawe, akavua shati na kujitupa kuunasua, kama alivyofanya mara nyingi. Hakuibuka. Wenzake walipomtoa, mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za duara, zimepangana kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja.

Alama hizo ndizo zilizozaa maneno. Siku ya tatu ya msiba video ilianza kupita kwenye simu: pweza mkubwa amemkumbatia mpiga mbizi, na sauti ya mwanamume inasema kwa Kirundi kwamba mnyama huyo yuko kwetu, kati ya Rumonge na Gitaza. Niliona mara moja kwamba sauti ilibandikwa juu ya picha za bahari ya mbali. Wengine hawakuona. Wakaongeza kwamba ana ukubwa wa nyumba, kwamba huvuta mtumbwi kwa mkono mmoja, kwamba anatumwa na jini. Wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakaacha kuingia ziwani kuosha beseni zao. Walichota maji kwa ndoo yenye kamba, wamesimama mbali.

Mimi nafundisha biolojia kwenye lise, shule moja ya sekondari hapa mjini. Nilijua kwamba pweza haishi kwenye maji yasiyo na chumvi, wala ngisi, wala yeyote wa ukoo wao. Hata wale wa zamani sana, wenye magamba yaliyojiviringa, ambao leo tunawakuta wamegeuka mawe, waliishi baharini. Kabla arobaini haijafika nilikwenda kwa mama mdogo nikamweleza hayo yote, kama niko mbele ya ubao. Alinisikiliza akiwa amekaa mkekani, hakunikatiza.

"Wewe ulishamuona na macho yako?" akaniuliza.

Sikuwa nimemwona. Miaka kumi na moja nilikuwa nafundisha mchoro wa kitabuni.

"Basi usinifundishe," akasema. "Bwana yangu alijua kuogelea mbele ya kujua kusoma. Mamba tunamujua, kiboko tunamujua. Kama huyo munyama hapana iko, nani alimukamata?"

Nilirudi nyumbani bila amani. Wiki ile niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa, nikasahihisha daftari zilezile mara mbili. Darasani mwanafunzi mmoja wa kike alikumbusha vile vidude laini vya ziwani, vidogo kama sarafu, vinavyofunguka na kujifunga kama mwavuli. Nilikuwa nimewaambia kwamba wengi wa ndugu zao, konyeza, wako baharini. Sasa alitaka kujua: hivyo vilipita wapi, na kwa nini pweza asipite hapohapo? Nikamjibu kwamba kila mnyama ana mpaka wake. Sikumwambia kwamba hata wataalamu wa zamani, walipoona konokono wa Tanganyika wanafanana na wa bahari, walidhani ziwa hili liliwahi kuwa mkono wa bahari. Jioni ile nilikwenda ziwani kunawa miguu. Nilisimama pale maji yanapoishia, nikashindwa kuingia.

Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, hufika Dar es Salaam. Nilimpigia simu nikamwomba aniletee pweza. Akacheka, kisha akakubali, kwa sababu yeye pia alibeba jeneza. Alimnunua sokoni asubuhi ya kuondoka, akamtia kwenye boksi la barafu, akawa anabadilisha barafu kila alipolala njiani. Alileta pia jiwe lenye gamba lililojiviringa, alilouziwa na mtu aliyeliita konokono wa safina ya Nuhu. Jiwe nililipeleka shuleni. Pweza nilimpeleka kwa mama mdogo, kwenye sinia, nimemfunika kitambaa.

Nilipofunua, mama mdogo alirudi nyuma hatua mbili, kisha akasogea. Alikuwa mnyama wa kijivu, laini, asiyezidi urefu wa mkono wangu. Nikamgeuza, nikamwonyesha mdomo wake mgumu kama wa kasuku, nikamwambia ana mioyo mitatu. Yeye hakujali mioyo. Alishika mguu mmoja wa pweza akaubandika kwenye mkono wake mwenyewe, akazitazama zile duara ndogo za kunyonyea, safu mbili, zinazopungua kuelekea nchani.

"Zake zilikuwa mustari moja," akasema taratibu. "Na zote sawasawa."

Akakaa. Akasema alama zile ni za maboya ya wavu, yale yaliyofungwa kwenye kamba. Kamba ilimzunguka mkono wakati wa kumvuta. Nadhani alikuwa amelijua hilo siku zote.

"Alikuwa anaumwa kifua," akasema. "Tangu Ramadhani. Akipanda kwenda musikitini anasimama, anashika ukuta. Aliniomba nisiseme, watamutoa kwenye mutumbwi. Siku ile nilimuona anashika kifua. Nikamupa chai, akaenda."

Nilikuwa nimekuja kumpa ahueni, kumbe nimemwondolea mnyama aliyekuwa anambebea mzigo. Nikaanza kumwambia kwamba hakuna aliyejua kilichokuwa ndani ya kifua kile. Akanizuia kwa mkono.

"Usiseme kitu. Kaa tu."

Nikakaa naye mpaka adhana ya alasiri.

Habari ya maboya aliwapa yeye mwenyewe wanawake wenzake wa kuanika ndagala walipokuja kumwona, wakamwamini kuliko walivyoniamini mimi. Wiki iliyofuata walikuwa majini mpaka magotini. Yeye alirudi kazini eda ilipokwisha, na sasa shemeji yake yeyote akilalamika kifua humsimamia mpaka aende kituo cha afya. Pweza hatukumla. Nilimtia kwenye chupa ya alkoli, yuko kabatini shuleni.

Kuhusu pweza nilikuwa sahihi, na watu wananiambia hivyo kwa heshima. Lakini nikifika mlangoni kwa mama mdogo, kabla ya kupiga hodi, nasimama kwanza nje nasikiliza kama analia.