Ile Injini Haikunoki

Siku yangu ya kwanza karakana sikupewa spana, nilipewa kitambaa. Fundi Mkuu, mzee wa Muleba asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Unajua kunoki ni nini?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni gari kufa. Akaninyang'anya kile kitambaa akanichapa nacho begani.

"Mjinga wewe! Kunoki ni injini kukosa oili mpaka chuma kikala chuma. Kushikana ni kitu kingine. Kama huwezi kutofautisha, rudi kwenu ukapalilie maharage."

Alinieleza palepale. Injini ikikaa bila kuwashwa na maji yakapata njia, ringi za pistoni zinashika kutu na kung'ang'ania ukuta wa silinda. Ukipiga hendeli, yaani kile chuma cha kuwashia gari kwa mkono, haizunguki. Lakini haijafa, ina wenyewe wanaojua kuiamsha. Vijana wa leo kila kitu kwenu kimenoki, na mimi nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Sababu ninayo.

Karakana yetu ilikuwa ya chama cha wakulima wa kahawa, pale Kayanga. Fundi Mkuu alipostaafu nilikabidhiwa Landrova ya kijani, ya petroli, iliyopeleka wakaguzi Nyakasimbi, Kiruruma, hadi Murongo mpakani. Kila asubuhi, kabla sijaonja chai, nilichomoa dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, nikaangalia. Sikuruka hata siku moja. Hata moja!

Mama yangu alipofariki nilipewa ruhusa ya wiki mbili nikamzike Kihanga. Gari nililiacha zima, ila boneti ilikuwa kwa mchomeleaji na masika yalikuwa yameanza. Niliporudi, hendeli haizunguki. Nikaenda kwa Meneja wa Usafirishaji.

"Bosi, injini imeshikana. Niruhusu nifungue hedi," nikamwambia, maana hedi ndiyo kifuniko cha juu ya silinda, ukiiondoa unaona kila kitu.

Hakuinua hata macho. "Imenoki. Hukuweka oili."

"Bosi, twende basi ukaone dipstiki."

"Nimeshaandika. Usiliguse tena."

Kweli alikuwa ameandika: fundi amenokisha gari kwa uzembe. Nikanyang'anywa spana, nikahamishiwa Nkwenda kuhudumia mashine ya kukoboa kahawa, na huko nikakaa hadi kustaafu. Gari likafutwa, likaitwa chakavu. Na nani alilichukua? Meneja huyohuyo! Akalivuta mpaka kwake Nyakasimbi, kuku wakatagia ndani.

Mimi nikabatizwa upya. Fundi Noki. Sokoni Noki, kanisani Noki, wanangu shuleni watoto wa Noki. Zaidi ya miaka thelathini! Mke wangu alipofariki, mtu alisimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba tunamzika mke wa mzee Noki. Nilitaka kumrukia, nikashikwa.

Mwaka jana nikiwa nyumbani Kihanga alikuja Anastazia, binti wa yule Meneja, ni mwalimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mzee anaumwa. Anataka alisikie lile gari likiunguruma kabla hajaondoka. Mafundi wote wamesema limenoki."

"Walifungua hedi?"

"Hapana baba. Walisema hakuna haja."

"Hakuna haja!" Nilisimama nikazunguka uani mara mbili ndipo nikaweza kuongea. "Nitakuja. Lakini baba yako akae kwenye kiti mbele ya hilo gari, aangalie mwanzo mpaka mwisho."

Nilimkuta amekonda, amejifunika blanketi mchana wa jua. "Noki," akaniambia, "usihangaike kufungua. Livuteni kwa Fuso, litawaka tu."

"Waitu, mkubwa wangu, ukivuta injini iliyoshikana unavunja pistoni. Umekuwa meneja wa magari miaka yote ile hilo hulijui?"

Anastazia aliinamisha kichwa kwa aibu. Sikujali.

Kwanza nilimwaga oili. Injini iliyonoki, oili yake ina chembe za chuma zinazong'aa. Hii ilikuwa imeingia maji, ina rangi ya chai ya maziwa, lakini nilipoichuja kwa kitambaa cheupe sikuona hata chembe. Nikamwekea kile kitambaa mapajani. Akakitazama, akakigeuza upande wa pili.

Nikafungua hedi. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na kutu ya kawaida. Ya tatu, mawe, mama wee! Ilikuwa imejaa kutu nyekundu, na juu ya pistoni kumegandia kitu cheusi chenye nyuzi. Nikakikwangua kwa bisibisi, nikakisugua kati ya vidole. Ganda kavu la mgomba, lililosokotwa.

Huku kwetu kila mtu anajua kazi ya ganda lililosokotwa. Unaziba nalo dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, lisimwagike njiani. Silinda haizibwi hivyo, tundu lake la juu ni la plagi inayotoa cheche. Ganda linanyonya mvua na kuidondoshea ndani tone kwa tone.

"Hiki ni nini, Meneja?"

"Pikapu yangu ilikosa plagi," akasema. "Nilichomoa moja hapo, nikaziba tundu. Wiki moja tu. Nikachomeka plagi nyingine mbovu kabla hujarudi, kipande cha ganda kikadondokea ndani."

"Baba!" Anastazia alipiga kelele.

Nilishika spana kubwa mkononi na sitaficha, niliwaza vibaya. Nikaiweka chini, nikamimina mafuta ya taa na oili kwenye silinda zote, nikaenda zangu.

Nilirudi baada ya siku kumi. Nikagonga pistoni kwa kipande cha mti, polepole, mpaka zikaachia. Nikasugua silinda kwa msasa laini, nikafunga gasketi na plagi mpya, nikasafisha kabureta na kutoa kiota cha panya kwenye tangi, nikajaza oili na petroli. Betri na matairi Anastazia alikuwa ameshanunua. Hendeli ya kwanza, kimya. Ya pili, ikapiga chafya. Ya tatu ikaunguruma, kuku wakatawanyika.

Meneja alikuwa analia. "Noki, nisamehe."

Nikazima injini. "Jina langu nani?"

Midomo yake ilicheza, hakikutoka kitu. Aliyeniharibia jina hakuwa analijua lenyewe.

"Deusdedith," nikamwambia. "Sema, binti yako asikie."

Akalisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini injini ilikuwa imezimwa na sote tulisikia. Je, hasira imeisha? Haijaisha. Vijana, kabla hamjaandika kwamba kitu kimekufa, kifungueni.

Anastazia alinirudisha nyumbani kwa gari lilelile. Mke wangu tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikamwelekeza Anastazia alisogeze gari mpaka karibu kabisa na kaburi, na nikamwambia asizime, mke wangu naye asikie.