Nani Atakunywa Baada ya Xavérine?

GISENYI, 1998 — Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Xavérine Mukamazimpaka ameketi kwenye kigoda nyuma ya duka la maziwa, karibu na barabara inayoshuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma. Kibuyu kikubwa cha maziwa kimelala mapajani mwake. Anakisuka mbele na nyuma, mbele na nyuma, sikio likiwa mlangoni, kama kuna mteja anayeingia.

Hakuna.

Amevaa glavu nyekundu za mpira zinazofika viwikoni. Ndani yake mikono inawaka moto.

“Leo ndiyo mwisho,” anasema bila kuinua kichwa. “Patron alisema hivi: kama Jumamosi batu habarudie kununua, anatafuta mwengine. Na miye nitasuka nini? Hewa?”

Patron ni Théogène, mwenye duka. Xavérine, mama wa watoto wanne, mkubwa wao Evode, amemsukia maziwa tangu arudi kutoka Masisi, ng’ambo ya mpaka, miaka miwili iliyopita. Kivuguto chake, maziwa ya mgando mazito yasiyo na mabonge, kilikuwa kikiwapanga foleni wachukuzi wa mpakani na makarani wa ofisini. Lita arobaini zilikwisha kabla ya adhuhuri. Juzi ziliuzwa kumi na mbili tu. Zilizobaki walipewa nguruwe wa jirani, na nguruwe hawakuuliza zimesukwa na mikono ya nani.

Kilichowakimbiza watu ni mabaka mekundu yenye magamba meupe. Yako viwikoni, magotini, nyuma ya masikio, na tangu mwaka jana yako juu ya vidole. Ugonjwa huo unaitwa soriasi. Mjini jina hilo halina mwenyewe. Yenye wenyewe ni mawili, ukoma na ukimwi, na kila mpita njia anachagua lake.

Hii ni nchi iliyowahi kupima watu pua kwa rula, na hakuna asiyejua rula hiyo ilitufikisha wapi. Miaka minne tu imepita tangu mauaji ya kimbari. Leo rula imehamia kwenye viganja, na wanaoishika wanajiita watu wasafi.

Baka la kwanza lilitokea gotini, wiki chache baada ya familia kukimbia nyumba yao kule Masisi. Xavérine alilisugua kwa jiwe la volkano, lile wanalosugulia visigino, mpaka likatoa damu. Baka likapanuka. Ndipo rafiki akamletea tyubu ya krimu kutoka Goma, ile wanayojipaka wanawake wanaotaka kuwa weupe.

“Siku kumi tu, ngozi ikakuwa kama ya mutoto,” anakumbuka. “Nikasema, Mungu ni muzuri. Kumbe.”

Alipaka kwa miezi mingi. Siku tyubu zilipokosekana sokoni, mabaka yalirudi kwa hasira. “Yalirudi na ndugu zao,” anasema. “Hata mu kichwa.”

Ni Rugema, muuguzi aliyekulia Tanzania na sasa anafanya kazi upande wa Nyundo, aliyemwambia ukweli.

“Huu si ukoma, mama, wala hauambukizi,” alisema Rugema. “Ngozi ya kawaida inajibadilisha kwa mwezi hivi. Yako inajibadilisha kwa siku chache, kwa hiyo inarundikana. Ile tyubu ina dawa kali. Ukiipaka ovyo kisha ukaiacha ghafla, ugonjwa unalipuka.”

Alimkataza jiwe na sabuni kali. Alimpa marhamu ya kulainisha magamba, akamwambia ajipake mafuta mazito mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na ayaanike mabaka kidogo kwenye jua la asubuhi, bila kujiunguza. Akipata malaria, aseme mapema kwamba ana soriasi, kwa sababu kuna vidonge vya malaria vinavyoichochea. Hautaisha, alimwambia, lakini unatulizwa. Hofu na kukosa usingizi huuamsha.

Hofu. Mwaka huu wa vita, huku kwetu, nani ataiagiza ikae mbali?

“Nikamuuliza, we mwenyewe ungekunywa maziwa yangu?” anasema Xavérine. “Akakunywa, kikombe mzima. Lakini iko mu chumba ya kufunga. Nani alimuona?”

Hapo ndipo penye donda. Wanaojua wanajua kwa kunong’ona. Wasiojua wanasema kwa sauti sokoni.

Théogène naye alileta dawa yake: zile glavu. Mpira ukamtoa jasho, jasho likachoma mabaka, na wateja wachache waliobaki walipoziona wakaondoka.

Saa mbili, Théogène akiwa kwenye meza ya kuuzia, vivuli vitatu vinasimama mlangoni. Mbele yuko Phocas, mchukuzi wa mpakani mwenye mdomo unaojulikana barabara nzima.

“Patron, leo nani anasuka?”

“Maziwa ni ile ile,” anajibu Théogène.

“Sikuulize maziwa. Naulizaka mikono.”

“Iko na glavu.”

“Glavu ya nini, sha? Ni daktari wa kupasua?”

Wenzake wanacheka. Nyuma, kibuyu kimenyamaza.

Xavérine anatokea. Anavua glavu moja, kisha ya pili, anaziweka juu ya meza mbele ya macho yao. Vidole viko wazi, vyekundu. Mmoja wa wale wawili anarudi nyuma hatua, kisha anaondoka kabisa.

Anamimina kikombe. Hapa anayetoa kinywaji hukionja kwanza, mgeni aone hakina sumu. Xavérine anaonja. Halafu anakisogeza kikombe, na si kwa Phocas.

“Patron, kamata.”

“Mama Evode, anza na wateja.”

“Miaka mbili unakula kwa hii mikono. Kamata.”

Théogène anatazama kikombe. Akikataa, ameutangazia mji mzima maziwa anayouza ni ya namna gani. Nje lori la askari linapita na bilauri zinagongana rafuni. Anakipokea, anakigusisha mdomoni.

“Meza, patron,” anasema Phocas. “Tunaangalia koo.”

Koo linapanda, linashuka.

“Bon,” Phocas anasema mwishowe. “Nami nitakunywa. Lakini unipatie kikombe ingine.”

“Yote ni mi naosha,” Xavérine anamjibu.

Phocas anakuna kisogo. Kisha anachukua kile kile, anakunywa mpaka chini, anapangusa mdomo. “Bado iko muzuri,” anasema, kama mtu aliyeshindwa kesi. Mwenzake anaagiza cha kwake.

Théogène hasemi asante. “Utabaki wiki moja. Tutaona,” anasema.

“Basi nitasukia hapa mbele, mulango wazi, batu baone,” anajibu Xavérine. “Na glavu zako, patron, utaoshea choo.”

Kesho baada ya misa atapanda Nyundo. Rugema amemwambia kuna mwanamke huko mwenye mabaka kama yake, ambaye amejifungia ndani tangu mwaka jana. Xavérine atakunja mikono ya blauzi na kubeba chupa ya kivuguto.

“Nitaonja, kisha nimupe,” anasema, akirudisha kibuyu mapajani, safari hii kizingitini, juani. “Nataka nione kama na yeye ataniogopa.”