Kukata Kilo kwa Kavera

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, taulo na bunda la kavera, ile mifuko ya nailoni. Vita vilikuwa vimekwisha, vijana wa Katwe wanataka ngumi, na mimi niliyeacha shule mapema nikawa msaidizi wa Kocha Mkuu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake amri tupu. Chapati za mkewe, wacha tu! Lakini turudi kwenye ngumi.

Nieleze kukata kilo. Bondia akizidi uzito, tulimvika kavera mwilini, sweta juu yake, akakimbia kwenye jua la saa saba bila tone la maji, mpaka mizani ikubali. Ndivyo walivyofanya waliotutangulia.

Ndivyo Safari, mmoja wa mabondia wetu, alivyoanguka. Jasho limekauka, ngozi inachoma kama sufuria, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wengine wakasema karogwa. Alikufa kabla hatujafika hospitali.

Baada ya matanga, mama yake, Mkongomani muuza vitenge wa Kisenyi, akamleta mdogo wa marehemu, Amani. Tukashangaa.

“Anapenda ngumi, nitamfungia wapi?” akasema. “Atapigana. Ila kavera sitaki, jua la saa saba sitaki, na maji atakunywa.”

“Mama Safari, hii ni kambi, si jikoni.”

“Jikoni ndiko nilikojifunza, Kocha. Ninyi mnafunika matoke kwa majani ili yafanye nini?”

“Yaive!” vijana wakacheka.

“Nani amesema? Pushapu, wote!” Kocha akafoka.

“Kivulini,” akaongeza Mama Safari.

Kesho yake akaja na kina mama wenzake wa Kisenyi na Bwaise, kila mmoja na jerikeni lake la maji, wakajaa kwenye benchi la mabondia. Saa saba hakukimbia mtoto wa mtu. Kocha Mkuu alinuna siku nyingi, kisha akaniambia, “Hamishia mazoezi asubuhi. Na huyo Amani mpandishe uzito wa juu, abaki na kilo zake.”

Sasa nimestaafu, goti linanisumbua. Washindi niliowafunga glavu nimewasahau wengi. Vijana wakiniuliza pambano kubwa, nawatajia la Amani. Huko uzito wa juu alikutana na jitu, akapigwa raundi zote, akashindwa kwa pointi. Mama yake akapiga vigelegele mpaka refa akageuka.

“Mama Safari,” nikamnong’oneza, “mtoto ameshindwa.”

“Nimeona, ndugu yangu. Leo narudi naye nyumbani.”