Bakuli la Mwenye Jiko

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa jikoni kabla sijagusa hata kitunguu. Mpishi Mkuu wa ile shule ya chekechea kule Dandora aliniona nikiingia na viatu vya matope, akaniambia, "Toka, uoshe miguu, ndio urudi. Hapa si hoteli yenu ya Jericho." Kweli nilikuwa nimetoka kukaanga maandazi Jericho, na nilijiona mpishi. Nilitoka nimenuna.

Nyinyi mnaopika kwa gesi, simu mkononi, hamjui kazi ile. Tulipikia kuni, sufuria ikikalia mafiga, yale mawe matatu, na kuinyanyua ilitaka watu wawili wenye migongo. Mpishi Mkuu alinifundisha kuonja mchuzi kwa kuudondoshea kiganjani. Alinifundisha pia kuepua, yaani kutoa chakula motoni, kabla hakijaiva kabisa, kwa sababu kitamalizia kujipika chenyewe. Alikuwa mkali, lakini mtoto akilia njaa, yeye ndiye aliyekimbia kwanza. Nilimpenda, nisiseme uongo.

Jiko lilikuwa chini ya ghorofa, na juu yetu waliishi wapangaji. Aliyepika hapo kabla yetu ni Mama Rhoda, ambaye alifariki akiwa bado mpishi wa shule. Kila mchana, kabla ya watoto kupakuliwa, Mpishi Mkuu alijaza bakuli moja na kuliweka kwenye kona ya nyuma. "Mwenye jiko kwanza," alisema. Mimi nimelelewa kanisani huko Kakamega, kwa hiyo nilicheka.

Niliacha kucheka mchuzi ulipoanza kulala upande. Mafuta ya ndengu hutanda juu ya sufuria yote, sivyo? Yetu yalijikusanya upande mmoja, upande wa ile kona. Mpishi Mkuu akapachika kijiwe chini ya sufuria ili ikae sawa. Baada ya muda akaongeza kingine. Mlango nao ukaanza kujifunga bila upepo. Halafu tukaanza kusikia kitu ndani ya ukuta, sss, sss, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo.

"Ni yeye," Mpishi Mkuu alininong'oneza. "Hajashiba." Akaanza kumwekea nyama ambayo hata sisi hatukuipata.

Haki ya nani, hakuna aliyefikiria nyumba. Kila kilichosogea pale tulimsingizia marehemu, na kila siku tulipachika kijiwe tukaendelea kupika.

Siku moja ilikuwa githeri, yale mahindi na maharagwe. Watoto walishakaa kwenye viti vyao, wakigonga sahani. Sauti ya mwanamke ikasema, "Epua."

"Lakini bado," nikamjibu Mpishi Mkuu.

"Bado nini?"

"Si umesema niepue?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

Tukatazamana. Hapo hapo mchuzi ukaanza kumwagika kutoka kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeigusa, taratibu, kuelekea kona. Nilishika mkono mmoja wa sufuria kwa matambara, yeye akashika wa pili, tukatoka nayo mbio hadi kiwanjani ng'ambo ya barabara. Watoto wakafuata chakula chao. Walimu wakafuata watoto wakitukemea, ati tumerukwa na akili. Nikapiga nduru hadi wapangaji waliokuwemo wakashuka, mmoja bado na povu la sabuni mikononi.

Ndipo Mpishi Mkuu akajishika kichwa. "Woi! Mwenye jiko hajala!"

Akachota githeri, akaanza kurudi. Nilimshika leso. "Wacha, mama! Atakula kesho!"

"Huyo si mtu wa kuambiwa kesho," akasema, na leso ikabaki mkononi mwangu.

Niliona ukuta ukifanya tumbo. Nikawageukia watoto, nikawaambia, "Kuleni. Asigeuke mtu." Kisha mshindo, halafu vumbi, jeupe, likatua juu ya githeri. Walipona wote isipokuwa yeye.

Baadaye nilipikia shule nyingine, chini ya Msimamizi wa Mabweni aliyechukia chumvi, hadi nikastaafu. Kazi niliifanya vizuri, lakini miaka yote hiyo nilimchukia Mama Rhoda. Niliamini alimla rafiki yangu kwa sababu ya bakuli moja lililochelewa. Sikutaka hata kusikia jina lake likitajwa.

Juzi nilikuwa sokoni Jericho nikichagua nyanya. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akanikazia macho.

"Mama, si ulikuwa unatupikia chekechea? Mimi ni Wairimu. Ulituambia tusigeuke."

"Enhe."

"Mimi niligeuka."

Akaacha kupanga nyanya. Akaniambia alimwona Mpishi Mkuu mlangoni na bakuli lake, na mbele yake mama mwingine, mzee, aliyefunga aproni. Wairimu hakuwahi kumwona mama huyo shuleni.

"Alikuwa anamvuta ndani?" nikauliza.

"Kumvuta? Zi, mama. Alikuwa anamsukuma atoke, kwa mikono yote miwili. Na huyu wa bakuli anazidi tu kumnyooshea chakula."

Nililia pale pale mbele ya watu, nikimwomba msamaha mama ambaye sikuwahi kumwona.