Noti za Baba Kwenye Kamba ya Nguo

Mvua ya mawe ilipoupiga upande wetu wa Mukumu, baba alikuwa amelazwa hospitalini na mama alikuwa ameketi kando ya kitanda chake. Kiharusi kilikuwa kimempata ghafla akiwa shambani. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida, moja moja, mengine nusu. Kwa hiyo siku ya mvua hapakuwa na mtu nyumbani wa kuweka sufuria mahali ambapo bati huvuja. Mama aliporudi kubadilisha nguo, alikuta maji ya tope yamesimama chumbani na sanduku la baba, lile la mbao lililokaa chini ya dirisha, limeloa mpaka ndani.

Ndani ya sanduku hilo baba alihifadhi noti za zamani. Alianza kuzikusanya alipokuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sukari, na hata baada ya kustaafu hakuacha. Alikuwa na noti za kahawia za shilingi tano ambazo watoto wangu hawajawahi kuziona dukani, za kumi za kijani, za ishirini za bluu, na chache za wakati wa mkoloni zenye picha ya mfalme. Nyingine alizipanga kwenye albamu, nyingine zilikuwa kwenye vifuko vya plastiki, na nyingine alizifunga tu kwa karatasi akisema atazipanga akipata nafasi.

Mimi naishi Shieywe, mjini. Jumamosi iliyofuata nilinunua matunda ya kumpelekea baba, kisha nikaona nianzie nyumbani nimchukue mama twende pamoja. Nilipoingia uani nilikuta kamba ya nguo imejaa, lakini si nguo. Zilikuwa noti, zimebanwa kwa vibanio, kuanzia kwenye mparachichi hadi nguzo ya jikoni, zikicheza juani. Mama alikuwa kwenye kistuli, na beseni la maji ya sabuni mbele yake. Juu ya meza alikuwa ametandika blanketi lililokunjwa, na pasi ya makaa ilikuwa imesimama hapo, moto.

Aliinua uso akatabasamu. Macho yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku nyingi, ila alionekana amepata kazi ya kumpa moyo.

“Umekuja wakati mzuri,” akaniambia. “Nisaidie kuanua. Nataka arudi akute ziko safi.”

Ni lazima nieleze kwamba tangu nizaliwe sijawahi kumwona mama akizigusa noti hizo. Hakuzichukia, ila hakuona maana yake. Wageni wakija, baba akilifungua sanduku lake, mama alikuwa akisema, “Huyu mzee anazishikanga hizo karatasi vizuri kuliko anavyonishika mimi,” na watu walicheka, baba mwenyewe akiwa wa kwanza. Aliyekaa na baba juu ya sanduku lile ni mimi. Kabla hajanipa noti alinituma ninawe mikono na kuikausha kabisa. Alinifundisha kuishika kwenye kingo tu, kisha akanipitishia ukucha polepole juu ya picha ili nisikie jinsi wino ulivyoinuka. Alikuwa akiitikisa noti karibu na sikio langu. Noti nzuri hutoa mlio mkavu kama wa jani la mhindi.

Niliichukua ya kijani iliyokuwa karibu nami kwenye kamba. Ilikuwa laini kama leso. Rangi ilikuwa imepauka, na nilipopitisha ukucha juu ya picha sikusikia kitu. Pasi ilikuwa imelaza wino wote. Niliitikisa kidogo, nikiwa nimempa mama mgongo. Haikutoa mlio wowote.

Nilitaka kulia na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata moja. Nilimwuliza kama bado kuna ambazo hajafua. Akanionyesha albamu iliyokuwa sakafuni sebuleni ikichuruza maji, na bunda moja la noti za mfalme lililogandamana kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwambia tupumzike kwanza, nimpigie mwalimu simu.

Mama aliniangalia kwa muda. Amenilea, anaujua uso wangu.

“Nimeziharibu?”

“Sijui, mama. Ngoja tumwulize mwalimu.”

Mwalimu ni rafiki wa baba wa siku nyingi. Alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na yeye pia hukusanya noti. Wawili hao wamebadilishana na kubishana tangu nikiwa msichana mdogo. Alikuja kwa bodaboda bado amevaa ndala. Alitembea kando ya kamba kutoka nguzo ya jikoni hadi mwisho, mikono nyuma. Mama alisimama karibu na beseni lake akiikunja na kuikunjua ncha ya leso. Mwalimu alipofika kwenye mparachichi aligeuka.

“Shemeji,” akasema, “hizi zimeshafuliwa, tuziache zipumzike. Tuingie ndani tusaidie zilizobaki.”

Hakuongeza lolote, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Siku ile nilijifunza kwamba sehemu kubwa ya kusafisha noti kuukuu ni kuyaacha mambo ambayo mkono unatamani kuyafanya. Mwalimu alitueleza huku akifanya kazi. Sabuni, alisema, huondoa uchafu pamoja na ule ugumu ambao karatasi ilipewa kiwandani, na haurudi tena. Dawa ya kung’arisha nguo hula rangi. Jua hupausha. Kifutio huikwangua karatasi hata kama macho hayaoni. Mtu aliyezoea noti akishika iliyooshwa huitambua papo hapo, na thamani yake kwa wakusanyaji hushuka, wakati noti chafu ambayo haijaguswa huwa bado ina heshima yake. Mama alisikiliza yote hayo akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu alipomaliza, mama alivuta kistuli akaketi karibu yake, akauliza sasa yeye afanye nini.

Mwalimu akamtuma atafute karatasi nyeupe zinazofyonza maji, zisizo na maandishi wala maua. Nyumbani hazikuwako, basi tulitumia karatasi za shashi nilizokimbilia kununua. Tulivikata vifuko vya plastiki ubavuni kwa makasi badala ya kuzivuta noti zitoke. Kila noti ililazwa kati ya karatasi mbili, juu tukaweka ubao mwepesi, kisha tukazibadilisha karatasi kila zilipolowa. Madirisha yalifunguliwa upepo upite, lakini kazi yote ilifanyika kivulini. Bunda lililogandamana mwalimu alikataza lisiguswe. Alisema tukilazimisha tutazichana, na tukiliacha hivyo litaota ukungu kabla hatujalifikia. Alilifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki akanipa nilipeleke kwenye friza yangu Shieywe, likae huko mpaka tutakapopata nafasi. Kwa hiyo noti za mfalme zilikaa kando ya kuku aliyegandishwa, na niliwaonya watoto wangu wasiufungue mfuko ule hata wakitafuta nini.

Mwalimu alipoondoka, mama alianza kuanua zile za kwenye kamba. Nilimsaidia. Tulianua mpaka kamba ikabaki tupu.

“Unajua kwa nini nilifanya hivi?” akaniuliza. “Pale hospitalini tangu juzi ananiita. Anashika nguo yangu kwa mkono mzima, anahangaika, neno halitoki. Likitoka ni moja tu. Sanduku. Sanduku. Mimi ndiye niliyekuja nikalikuta limejaa maji. Nitamwambia nini? Nilifikiri kama nguo huloa tope na zinafuliwa, na hizi pia zitakubali.”

Aliketi kwenye ngazi ya jikoni akalia, kimya kimya, kwa kanga usoni. Niliketi naye. Nilimwambia kwamba hata mimi, nisingefundishwa na baba, ningelichukua beseni lile lile. Sikuwa nikimfariji tu. Mtu ambaye maisha yake yote amefua, amepiga pasi na kukunja, akiogopa kumpoteza mume wake, angefanya nini kingine kwa mikono yake?

Wiki zilizofuata nilikwenda nyumbani kila nilipopata nafasi. Mama alikuwa akigawa siku yake kati ya hospitali na meza ya sebuleni. Noti zilipokauka kabisa tulianza kuondoa tope, na kwa kazi hiyo mwalimu alileta brashi laini ya rangi ya maji, mpya. Brashi huanzia katikati kwenda nje, kwa uzito wa unyoya, na ukifika ukingoni unaipitisha moja kwa moja bila kurudi nyuma, la sivyo utaukunja. Zenye madoa ya ukungu tulizipeleka nje uani, tukajifunga barakoa, tukapangusa tukiwa tumeupa upepo mgongo. Doa likigoma, tuliliacha. Mahali ambapo mtu wa zamani alikuwa ameunganisha mpasuko kwa gundi ya karatasi, hapo pia tulipaacha.

Bunda la kwenye friza tulilitoa mwisho. Liliyeyuka taratibu sebuleni, na lilipokuwa bado na unyevu mwalimu alizitenganisha noti kwa kipande chembamba cha plastiki, akivuta pumzi kabla ya kila moja. Mbili zilikataa kuachana. Moja ilichanika kwenye kona. Nyingine zote zilitoka salama.

Mama ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kutushinda wote. Mwalimu alimwachia zile nyembamba zaidi, na akakubali mbele yangu kwamba yeye mwenyewe mikono imeanza kutetemeka.

Baba aliruhusiwa kurudi nyumbani akitembelea mkongojo. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mambo ya sanduku yasubiri apate nguvu, lakini mama hakuweza kukaa nalo. Hata chai haijamiminwa, alikwenda chumbani akarudi na bahasha yenye noti alizozifua, akaiweka mapajani mwa baba.

“Mzee, nyumba ilivuja,” akamwambia. “Sanduku liliingia maji. Hizi nilizifua kwa sabuni na kuzipiga pasi. Sikujua. Zingine mwalimu alituokolea.”

Baba alitoa noti moja ya kijani kwa mkono wa kushoto. Aliisugua kwa kidole gumba, akaitikisa. Akaisogeza puani. Sisi tulisimama tu. Upande mmoja wa uso wake ulianza kucheka, upande mwingine ukiwa bado umelala.

“Inanuka... shati langu la kanisa,” akasema.

Kisha akamshika mama mkono, akaanza kueleza jambo. Lilimchukua muda mrefu sana, na mara nyingine tulilazimika kukisia neno naye akitikisa kichwa mpaka tulipate. Noti ile ya kijani, alisema, aliipata kwa mama mmoja mzee wa kule kwenye miwa. Wakati noti za aina hiyo zilipokuwa zimekwisha kuondolewa, mama huyo alikuja getini kiwandani na kitambaa kilichofungwa noti alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mazishi yake. Hakuna duka lililozikubali. Alidhani kwa kuwa kiwanda ndicho kilichomlipa kwa miwa yake, kiwanda kitazirudisha. Askari wa getini walikuwa wakimfukuza. Baba alimwita pembeni akamwambia kiwanda kimekubali, akampa pesa za mfukoni mwake zilizolingana. Baadaye wengine walisikia, wakaja. Hivyo ndivyo sanduku lilivyoanza.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku lile utoto wangu wote, nikafundishwa rangi na miaka na alama za maji zilizofichwa ndani ya karatasi, na hilo sikuwahi kuambiwa.

Mama aliinamisha macho kwenye bahasha. Nilimwona akirudi nyuma katika akili yake, akipita miaka ile, na nadhani alikuwa akizikumbuka nguo za sikukuu ambazo hazikununuliwa.

“Na mimi nikawa nakugombeza,” akasema hatimaye.

“Ulikuwa... na haki,” baba akamjibu. “Watoto walikuwa... wako uchi.”

Tulicheka, na kwa sababu tulikuwa tumejibana muda mrefu tulicheka kupita kiasi, mpaka mama akalazimika kumpangusa baba mate kidevuni.

Siku hizi daktari wa mazoezi amemtaka baba autumie ule mkono wa kulia. Alimpa mpira mdogo wa kukamua, nao umepotelea chini ya kiti. Mazoezi anayoyapenda ni ya kuingiza noti kwenye vifuko vipya, vile vigumu visivyotoa mafuta ya kuharibu karatasi, ambavyo mwalimu alituagizia kutoka Nairobi. Inaweza kumchukua asubuhi nzima kwa noti moja. Mama huketi upande wa pili wa meza na hamsaidii, kwa sababu baba alimkataza, ila akiangusha humwokotea.

Mwalimu alipendekeza zilizofuliwa zitengwe, kwa kuwa zinapunguza sifa ya albamu. Baba alikataa. Kila moja imerudi kwenye nafasi yake, na chini yake mama ameandika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, jina la kijiji ilikotoka, kadiri baba anavyokumbuka. Wiki iliyopita niliwakuta wakibishana kama mama fulani alitoka ng’ambo hii ya mto au ile. Baba alikuwa anatafuta neno, na mama alikuwa ameinua penseli, anamngoja.