Beseni Nililomnyang'anya Mama

Mama yangu alibeba maji kichwani zaidi ya miaka arobaini, na sikuwahi kumwona akishika ndoo kwa mkono. Wanawake wa rika lake pale Mnyambe, kijijini kwetu, wote walikuwa hivyo. Juu kwetu maji hayakuwepo. Chemchemi ilikuwa chini bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa mlima mtupu, mawe na mizizi ya miti. Alishuka alfajiri, akapanda jua limeshachomoza, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, mikono inaning'inia kama ya mtu anayetoka kusalimia jirani. Nilikuwa mtoto huyo wa mgongoni, kisha nikawa msichana wa nyuma yake mwenye kidebe, nikimwaga nusu njiani na kutukanwa, na nilistahili. Magoti yake yaliishia kwenye mlima ule. Nasema mapema kwa sababu baadaye watu walisema ni uzee.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, ilinikuta Masasi mjini. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika, chama kikayumba, kikatuacha, nikaingia sokoni kuuza mitumba. Mama alibaki Mnyambe na mikorosho yake na goti la kulia lililopinda kwa ndani, hadi akawa anatembea kwa kujivuta ubavu ubavu. Msimu wa kwanza wanunuzi binafsi walipopanda kule juu na magari yao, wakigombania magunia mlangoni kwake, aliuza, akafunga pesa kwenye pindo la kanga, akashuka Masasi na kuniambia, "Mwanangu, nipeleke wanikate huu mguu au wautengeneze. Nimechoka kuuburuta."

Hawakuukata. Dar es Salaam tulibahatika kukuta madaktari wageni waliokuja kwa muda kufanya operesheni za namna hiyo. Wakamfungua goti, wakatoa mifupa iliyolika, wakamwekea goti la chuma na plastiki. Mama aliliita goti la bati. Kovu lilipofunga tukarudi Masasi, nikampa chumba cha mbele, akaanza siku hiyohiyo kuulizia gari la Newala, njia ya kwenda Mnyambe. Hakutaka kukaa kwangu. Alitaka kulala nyumbani kwake na kuokota korosho zake msimu ukifika, na alitaka aingie kijijini kwa miguu yake, si kushushwa kama gunia. Alilisema hilo asubuhi wakati wa chai na jioni baada ya swala, mpaka nikawa namjibu kwa ukali.

Tulipewa mtu wa kumfundisha. Alikuwa kijana wa hospitali, mpole, mwenye viatu vilivyopakwa rangi vizuri kuliko mshahara wake, na mama alimwita bwana wa mazoezi. Siku ya kwanza alimwambia, "Shikamoo mama. Goti tumelipata. Kazi iliyobaki ni moja, usianguke. Ukianguka sasa, tutajuta sote." Akaeleza kwamba mguu uliopinda miaka mingi umesahau namna ya kusimama, na chuma hakina akili ya kuukumbusha, kwa hiyo lazima mama aufundishe mwenyewe kila siku. Akamwonyesha kusimama kwa mguu mmoja akiwa amegusa mgongo wa kiti. Akamwonyesha kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Akachora mstari wa mkaa kwenye sakafu ya ukumbi wangu, bila hata kuniomba ruhusa, na kumtaka aufuate, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. Mwisho akampa sharti. Siku atakayosimama kwa mguu mmoja hadi hesabu ya ishirini bila kushika kitu, na kuizunguka nyumba mara tatu bila fimbo, siku hiyo apande gari aende Mnyambe.

"Ishirini tu?" Mama akacheka.

Hakufika tatu. Aliyumba, akadaka kiti, kiti kikayumba naye. Alijaribu tena na tena, na kila siku ilikuwa hivyo. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa juu ya mstari wa mkaa, miguu ameinyoosha, analia kwa hasira. "Mimi," aliniambia. "Mimi niliyepanda na wewe mgongoni, leo nashindwa kusimama kwenye saruji." Nilichutama nikamfuta machozi. Nikamwambia chai imeiva.

Beseni lilikuwa wazo lake mwenyewe. Lilikuwa beseni dogo la bati, la kuoshea mboga. Siku moja natoka sokoni nikamkuta uani, amekunja kanga kuukuu akaifanya kata ya kichwani, amelitua beseni juu yake lina maji kidogo, na anatembea. Hakushika ukuta wala fimbo. Shingo imesimama, mabega yametulia, mguu wa bati unafuata mguu mzima kana kwamba haikuwahi kugombana. Maji hayakutikisika. Nilitaka kupiga kelele nikaogopa kumshtua, nikabaki nimeshika mdomo mpaka alipofika jikoni, akalitua beseni mwenyewe, akaniangalia kwa jeuri ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa msichana.

"Kichwa kikiwa kitupu sijui nasimamia nini," alisema.

Bwana wa mazoezi alikuja kuona kwa macho yake. Alikuna kichwa, akazunguka naye ua mzima, akamtazama miguu, kiuno na shingo, kisha akasema hajafundishwa hivyo chuoni lakini hawezi kubishana na anachokiona. Akaweka masharti: beseni lilelile dogo, maji ya kina cha vidole viwili, ua uwe mkavu, asivae ndala, na mtu awe karibu naye. Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla sijaenda sokoni nilitembea pembeni yake, mkono wangu ukiwa tayari nyuma ya kiuno chake bila kukigusa. Mwisho wa mwezi alikuwa anasimama kwa mguu mmoja hadi kumi na nne, beseni kichwani. Nyumba aliizunguka mara mbili. Alianza kunituma nimnunulie kanga za kuwapelekea mashoga zake wa Mnyambe.

Sasa nifike kwa mjomba.

Kwetu watoto ni wa mjomba. Baba anaweza kusema au kunyamaza, lakini kaka wa mama akitamka, limetamkwa. Na ua wangu haukuwa na ukuta, ulikuwa na michongoma mifupi. Waliopita waliona bibi mwenye kovu jipya la goti anabebeshwa maji na binti yake mfanyabiashara. Maneno yakapanda gari la korosho mpaka Newala, na kutoka Newala yakafika Mnyambe yakiwa yamenenepa: ndoo mbili, kisima cha mbali, mama analia njiani.

Mjomba alifika siku ya Ijumaa, na kanzu yake, hakuandika barua. Nikampigia magoti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hakuketi. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Umempeleka dada yangu akachanwe mguu, ili arudi akutekee maji?"

Nilianza kueleza. Nilisema mazoezi, nikasema mguu umesahau, nikasema bwana wa mazoezi ameruhusu. Kila nilichosema kilisikika kama uongo wa mtu aliyekamatwa. Mama akatoka chumbani. "Kaka, ni mimi niliyetaka," alisema. "Nikibeba, sianguki."

"Wewe nyamaza," mjomba akamwambia, si kwa ubaya. "Umebeba maisha yako yote. Hata uzeeni ukiwa na mtoto mwenye duka, ubebe tena? Watu wanatucheka. Wanasema ukoo huu hauna watu."

Ilikuwa meza ya mitumba, haikuwa duka, lakini hilo halikuwa la kujibu. Nilichokisikia mimi ni kwamba wananicheka. Nimekuwa mtu wa kujali macho ya watu tangu utoto, najijua, na pale michongomani majirani wawili walikuwa wamesimama wakijifanya wanachuma kisamvu. Nikapiga magoti tena, mbele yao, nikaapa kwamba mama hatabeba kitu tena nyumbani kwangu. Nikalichukua beseni nikalipandisha juu ya kabati la vyombo, mahali asipofika.

Mama aliliangalia, kisha akaniangalia mimi. "Sasa nitaendaje?" aliuliza.

Nilimwambia atakwenda tu. Mjomba aliridhika, akala ugali na mbaazi, akarudi.

Kuanzia hapo nilimtunza mama kama nilivyotakiwa nimtunze. Nilimletea chakula mkekani. Nilimletea maji ya kutawadha, nikamwosha miguu, nikamnunulia fimbo nzuri ya mpingo na kiti chenye mikono. Akitaka kuinuka nilimwinua. Mtaa mzima ulinisifu, nami nilizipenda zile sifa, nakiri, nilipita sokoni kifua mbele. Mama aliacha kuufuata mstari wa mkaa, na siku ya kudeki nikausugua nikaufuta. Alijaribu kusimama kwa mguu mmoja mara mbili tatu akiwa hana kitu kichwani, akayumba, akakaa. Hakuulizia tena gari la Newala. Mimi nikadhani hatimaye ametulia.

Kliniki tulizikosa. Bwana wa mazoezi akaja mwenyewe na baiskeli yake, akamkuta mama kitini, akamwomba ainuke bila mikono. Mama akashindwa. Kijana alinivuta pembeni akasema kwa upole wake uleule, "Dada, mguu unasahau haraka sana. Mrudishie lile beseni, hata tupu."

Nilimjibu, "Wewe una mama? Ungempeleka uani achekwe?"

Akainamisha kichwa, akapanda baiskeli yake. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi mno tangu siku ile, na sijapata namna ya kuyasema yakawa mazuri.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi, nikiwa sokoni nafunika mitumba kwa turubai. Mama alitaka kwenda chooni. Siku nyingine ningemsindikiza, lakini sikuwepo, na aliona haya kumwita jirani kwa jambo la choo. Alivuka ua kwa fimbo. Fimbo iliteleza kwenye udongo uliolowa, na mguu ambao miezi miwili haukufundishwa kitu haukujua la kufanya. Aliangukia ubavu. Walipokuja kuniita nilikimbia nikiacha meza wazi. Nilimkuta amelala kwenye tope tupu, kanga imempanda, na mguu wa kulia umegeukia nje. Goti la bati lilikuwa zima. Ulikuwa umevunjika mfupa wa nyonga.

Hospitalini walimfunga mguu, wakauvuta kwa kamba na mfuko wa mchanga mwisho wa kitanda, wakasema tusubiri. Wageni walikuja na machungwa na maswali. "Ilikuwaje tena, mama?" Na yeye aliwajibu wote vilevile, "Mvua. Niliteleza tu." Hakunitazama akisema hivyo, na hakuwahi, hata tulipobaki wawili, kunitajia beseni. Laiti angenifokea. Nilimngoja anifokee wiki tano. Bwana wa mazoezi alikuja kila baada ya siku mbili, akamfundisha kuvuta pumzi na kunyanyua mikono ili kifua kisijae maji kwa kulala sana. Alinisalimia kwa adabu, akaendelea na kazi yake. Kifua kilijaa. Mama alifariki adhuhuri ya Jumanne, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, na nilikuwa namwambia habari za mikorosho yake kwamba mwaka huu imezaa sana.

Tulimpeleka Mnyambe nyuma ya pikapu, amelala, kama ambavyo hakutaka. Gari lilipanda mlima kwa gia ndogo, nami nilikaa pembeni ya jeneza nikilizuia lisiteleze.

Siku ya kuvunja matanga ukoo wote ulikaa uani kwake. Mjomba aliniita mbele. Alikuwa amedhoofika, alimpenda dada yake, hilo sitamnyima. Akashika bega langu akawaambia watu, "Mtoto huyu nilimkanya mara moja tu, akasikia. Tangu siku ile dada yangu hakubeba hata kikombe. Alikaa kwake kama bibi harusi, analishwa, anaoshwa miguu. Wenye watoto wafundisheni watoto wenu kwa huyu." Wanawake wazee waliitikia. Mmoja aliyekuwa akishuka na mama bondeni alinishika mikono yote miwili, akanishukuru, akaniombea nami nitunzwe hivyohivyo.

Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli wa beseni. Wote walikuwa wakinisubiri. Nilipiga magoti mbele ya mjomba, haraka, bila kushika kitu, nikasema, "Asante mjomba."