Nani Alikata Umeme

Nilipotoka jeshini nilikuwa na miaka thelathini na tisa, goti moja bovu, na kiburi kisichokuwa na pa kukaa. Nilizaliwa Bukavu, nikaja Brussels kijana, nikapata uraia, nikavaa sare ya Ubelgiji. Mwisho mwisho nilikuwa nasimama barabarani na bunduki kifuani, miaka ile ya hofu ya magaidi walipotutoa kambini kwenda kulinda stesheni. Kisha mkataba wangu ukaisha. Ofisi inayohudumia askari wanaoondoka ikaniambia kuna nafasi ya uanagenzi wa umeme, nami nikasema ndiyo kabla hawajamaliza kueleza.

Masharti yalikuwa haya: miezi mitatu ya majaribio, na mwishoni msimamizi wa kituo cha mafunzo anakuja kukutazama kazini. Akitia saini, mkataba unasajiliwa, unahesabika mwanagenzi halali, na miaka miwili baadaye unaitwa fundi. Asipotia, unarudi nyumbani. Kwangu nyumbani ni Berchem-Sainte-Agathe, hapa Brussels, ambako mke wangu alikuwa anaamka alfajiri kwenda kuogesha wazee wa watu ili mimi nile. Nimelala porini mvua ikininyeshea, lakini hakuna kitu nilichokiogopa kama kukaa kwenye kochi lile saa nne asubuhi.

Fundi niliyewekwa chini yake alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, Mkongo mwenzangu, wazazi wake wa Goma, yeye amekulia Koekelberg, mtaa wa jirani. Kazi aliijua barabara. Shida yake ni kwamba alilelewa vizuri. Siku ya kwanza aliona mvi zangu akaniita tonton, yaani mjomba, na tangu hapo akashindwa kabisa kuniamuru. Mimi nilizoea wakubwa wanaofoka, yeye alikuwa kama mtu anayepiga hodi.

"Tonton, excuse, kama haiko shida, unaweza kupima waya mbele ya kuishika?"

Kupima kabla ya kushika, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya umeme. Hata mwenzako akuapie kwamba amekata, unachukua kipima umeme, unagusa waya, unatazama kama taa yake inawaka; ikiwaka, umeme bado upo. Mimi niliona ni matusi. Jeshini mkubwa akisema njia ni salama, unapita. Ukianza kuhakikisha mwenyewe, umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Mara mbili nilishika waya bila kupima, na kijana hakufoka. Alikohoa tu, akatazama viatu vyake. Heri angenitukana.

Siku ya msimamizi tulikuwa Uccle, kwenye nyumba kubwa ya zamani. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha sanduku la umeme la ghorofani. Msimamizi, mama wa Kibelgiji wa makamo, alikuja na faili kwapani, na hakutabasamu. Alipokuwa bado mlangoni anaongea na mwenye nyumba, kijana alishuka chini ya nyumba kwenye swichi kuu, kisha akapanda.

"Bon, tonton, nimeisha kata courant. Unaweza anza."

Msimamizi alikuwa ameingia nyuma yake, lakini Kiswahili hakukijua. Nikafungua kifuniko. Waya zilikuwa zimejaa humo, nyingine zimezeeka hadi rangi hazijulikani. Mama yule alisimama karibu sana, nikawa nasikia anavyopumua. Kijana alisimama upande wa pili. Nikawaza, nikipima sasa, ninamuumbua mbele ya mtu anayeshika riziki yetu sote wawili. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaelekea kwenye waya.

Kusema kweli, kilichonizuia ni woga wa lile faili tu. Nikachukua kipima umeme, nikagusa.

Taa ikawaka nyekundu.

Nikarudi nyuma hatua nzima. Baadaye tulikuja kuelewa kwamba nyumba ile zamani iligawanywa mara mbili, na kulikuwa na mita ya pili gereji, ndiyo iliyolisha ghorofa ile. Wakati ule nilichoona ni uso wa kijana tu. Ulikuwa umepauka.

"Nani alikata umeme?" msimamizi akauliza, kwa Kifaransa, bila kupandisha sauti.

Nilijua wangemnyang'anya ruhusa ya kufundisha. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kama ulivyozoeshwa miaka yote ile. Askari hamuuzi mwenzake.

"Mimi, Madame. Nilikosea swichi."

"Tonton, hapana," kijana akasema. "Nyamaza." Kisha akamgeukia mama yule, akamweleza kila kitu kwa Kifaransa, swichi gani alizima na kwamba hakutafuta mita nyingine.

Tulikwenda gereji, tukazima, nikapima tena, nikafanya kazi saa mbili bila kosa. Nilijua nimefanya vizuri. Mama akafunga faili bila kutoa kalamu.

"Kukosea swichi kunatokea, na yeye ameandikiwa onyo," akaniambia. "Wewe ulipima vizuri, lakini sitii saini. Siku mtu akiwa amelala sakafuni, nami nikakuuliza umeunga waya gani, nitaaminije jibu lako? Miezi mitatu mingine."

Kwenye gari nilikuwa na hasira na yule mama, na kijana, na mimi mwenyewe kuliko wote. Tulipokaribia Basilika ya Koekelberg kijana akasimamisha gari pembeni.

"Unazani ulinisaidia? Kama mi sikusema kweli, ule maman angeshuka kutafuta kosa kwa ile swichi yako ya uongo, na huku juu waya iko na moto ya courant. Mutu angekufa, tonton! Na weye umesimama tu na heshima yako!"

Alikuwa anapiga usukani kwa kiganja. Hakuna aliyewahi kunifokea hivyo, hata sajini wangu wa kwanza, kwa sababu yule hakuwahi kutetemeka akinifokea. Nikamwomba msamaha. Hakunijibu kwamba si kitu.

"Lundi, sept heures," akasema tulipofika kwangu, maana yake Jumatatu saa moja asubuhi. "Na sasa ukikosa nitakugombeza, tonton ao hapana."

Nikasema ndiyo, nikashuka. Dirisha letu lilikuwa linawaka, mke wangu amesharudi kutoka kazini na ananisubiri. Nikapanda ngazi polepole kwenda kumwambia kwamba mume wake bado si kitu kwenye karatasi, na kwamba safari hii hakuna wa kulaumiwa ila mimi.